Ujasiri Wenye Ratiba

Mgeni anayetembezwa Bagamoyo huonyeshwa karibu mambo yaleyale: ua wa Caravan Serai ambako misafara ilikuwa ikifikia, minyororo kwenye makumbusho ya Misheni, na mnara uliolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Anaondoka akijua nani alifunga watu, nani aliwanunua na mapadre gani waliwakomboa. Mtumwa mwenyewe anabaki kuwa mtu wa kuonewa huruma tu. Ni nadra kuambiwa kwamba mtumwa naye alikaa chini akahesabu siku, akapima njia, akatafuta fedha, kisha akaondoka.

Ndiyo maana Harriet Tubman, mwanamke aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, na akatorosha wenzake kwa muda wa miaka kumi, anastahili kusomwa hapa pwani. Sifa zake zimeimbwa vya kutosha. Kinachokosekana ni maelezo ya kazi yenyewe: alianzaje, alilipa nini, nani alimfungulia mlango, na safari iliyoshindikana ilishindikana kwa nini. Ukiyafuatilia hayo unakutana na mpangaji hodari, na unaanza kuwa na maswali mengine kabisa juu ya watumwa wa Mrima, pwani yetu hii.

Tuanze kwa kusafisha hesabu. Habari zake nyingi husema alifanya safari 19, akaokoa watu 300, na kichwa chake kikatangaziwa dola 40,000. Hesabu hizo hazisimami. Mbili za kwanza zilienezwa na wasifu ulioandikwa miaka ya 1860 kwa haraka, kwa nia njema ya kumchangia fedha. Mwenyewe alipokuwa akihutubia mikutano miaka ya 1858 na 1859 alitaja safari nane au tisa na watu 50 hadi 60. Watafiti waliolinganisha daftari za waliopokea watoro, matangazo ya magazeti na barua za wakati huo wamefikia safari 13 hivi na watu wapatao 70, mbali na wengine wa idadi kama hiyo aliowapa maelekezo wakatoroka wenyewe. Kuhusu zawadi, tangazo lililopo ni la Oktoba 1849: dola 100 akikamatwa nje ya jimbo, dola 50 akikamatwa ndani, sawa na ndugu zake wawili waliotajwa naye. Wenye watumwa hawakujua kabisa ni nani aliyekuwa akiwapunguzia watu mashambani.

Watu 70 kwa safari 13 ni wastani wa watu watano kila safari. Udogo huo ndio unaotufundisha jambo. Kundi la watu watano linajificha kwenye ghala moja, linalishwa na nyumba moja, linavuka mto kwa mashua moja. Anayemkuzia hesabu anadhani anamtukuza, kumbe anaifuta akili iliyokuwa ndani ya kazi yake.

Alizaliwa karibu mwaka 1822 katika wilaya ya Dorchester, akaitwa Araminta Ross. Bwana wake alikuwa akimkodisha kwa watu tangu utotoni. Akiwa na miaka kama sita alipelekwa kwa jirani kukagua mitego ya panya wa majini, akisimama ndani ya maji ya baridi ya kinamasi hata siku alizokuwa na surua. Ukubwani alikata na kubeba magogo pamoja na baba yake, Ben Ross. Kazi hizo zilikuwa chuo. Alijua vinamasi vinapopitika, alijua mito, na aliwafahamu mabaharia weusi waliokuwa wakisafirisha mbao, ambao kwao habari za miji ya kaskazini zilifika mapema kuliko gazeti. Baadaye alikubaliana na bwana wake kwamba atajitafutia kazi mwenyewe na kumlipa dola 50 hadi 60 kwa mwaka; kilichobaki kilikuwa chake, na akanunua maksai wawili. Mtu wa pwani atalitambua jambo hili. Bagamoyo na Pangani walikuwepo watumwa waliotafuta ujira wenyewe, wengi wakijitia kwenye misafara kama wapagazi, na wakimpelekea bwana sehemu ya pato. Mtumwa wa namna hiyo alijifunza njia, bei na watu. Dola za kwanza za Tubman na ramani yake ya kwanza vilitoka hapo.

Kuna jambo la pili la utangulizi ambalo halisemwi sana. Alimlipa wakili dola tano amtafutie wosia wa zamani uliomhusu mama yake, Rit. Wakili akaupata. Wosia ulisema Rit na watoto wake watumike mpaka watimize miaka 45 tu. Mama alikuwa ameshapita umri huo na hakuna aliyemwachia. Kwa hiyo kabla ya kukimbia alijaribu karatasi, akaona karatasi haina mtetezi.

Machi 1849 bwana akafa na madeni, mjane wake akaanza kuuza watu. Kuuzwa kusini kwenye mashamba ya pamba maana yake ilikuwa kutoonana tena na jamaa. Tarehe 17 Septemba Harriet na kaka zake wawili wakatoroka. Kaka wakaingiwa na hofu njiani, wakageuza na kumrudisha naye. Baada ya muda mfupi akaondoka peke yake, kama kilomita 145 mpaka jimbo huru la Pennsylvania, karibu sawa na kutembea Bagamoyo hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa usiku, huku akiifuata nyota ya kaskazini ambayo sisi tulio kusini mwa ikweta hatuioni. Somo la kaka zake hakulisahau: anayegeuka nyuma huwarudisha wote.

Sasa kazi yenyewe. Kiangazi alipika na kufua kwenye hoteli za Philadelphia na Cape May, akiweka akiba. Vuli na baridi ndipo aliposhuka, kwa kuwa usiku ni mrefu na watu hujifungia ndani. Safari iliondoka Jumamosi giza likishaingia. Jumapili watumwa wengi hawakuitwa kazini, kwa hiyo kutoonekana kwao kulichelewa kugunduliwa, na matbaa haikuchapa tangazo mpaka Jumatatu. Akapata saa 36 bure. Aghalabu hakukanyaga shamba wanakotoka watu. Aliwapangia mahali pa kukutania, ili sura yake isionekane na asiwe na haja ya kumwamini kila mtu wa shambani. Watoto wachanga walinyweshwa dawa yenye afyuni, wakalala ndani ya mfuko mgongoni, kwa maana kilio kimoja kingewamaliza wote. Njiani aliimba. Wimbo mmoja uliwaambia waliojificha watoke, mwingine uliwaambia watulie. Siku nyingine alipanda treni iendayo kusini, maana hakuna aliyemtilia shaka mweusi anayerudi kule mtoro anakotoka.

Alibeba bastola. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la kutia aibu katika maisha ya mtetezi wa haki, wakalipita kimya. Hapana sababu ya kulipita. Aliyechoka na kutaka kurudi alielekezewa mtutu akaambiwa aendelee au afe. Mtu akirudi angepigwa mpaka ataje nyumba zilizompokea, vivuko na majina, na sheria ya mwaka 1850 ilimtoza aliyemsaidia mtoro faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Roho moja yenye woga ingezifunga njia kwa watakaofuata. Wote aliowaongoza walifika.

Alikuwa na udhaifu mmoja ambao ungetosha kumkatisha tamaa mtu yeyote. Akiwa kijana, dukani Bucktown, mnyapara alirusha jiwe la mizani la uzito wa ratili mbili kumlenga mtumwa aliyekuwa akikimbia, likampiga Harriet kichwani. Tangu hapo alipitiwa na usingizi mzito wa ghafla, popote, hata njiani akiwa na watu nyuma yake. Kundi lilikaa na kungoja mpaka aamke. Wenyewe wakishangaa, yeye aliamka na kuendelea pale alipoishia. Si hali iliyotibika, na kila ratiba aliyoipanga ilibidi iwe na nafasi ya kusimama bila kutarajia.

Zaidi ya yote alitegemea watu. Desemba 1850 mpwa wake Kessiah na watoto wake wawili walipelekwa kwenye mnada mbele ya mahakama ya Cambridge, Maryland. Mume wa Kessiah, John Bowley, alikuwa mtu huru na fundi wa merikebu. Alisimama kati ya wanunuzi akapandisha bei mpaka mkewe akauzwa kwake. Mnadi akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi na kumwita mnunuzi alipe, hakuna aliyeitika, na waliouzwa hawapo. Walikuwa wamefichwa nyumba ya jirani. Usiku John akawapakia kwenye mashua wakapanda ghuba ya Chesapeake hadi Baltimore, Tubman akawapokea huko. Hapo mwanamume huru alitumia haki yake ya kisheria, fundi wa mashua akatumia ujuzi wake, jirani akatoa nyumba, na Harriet akashika upande wa pili wa njia. Damu nzito kuliko maji, lakini damu peke yake isingevusha mtu.

Safari ya Krismasi ya 1854 inaonyesha kazi hii kwa karibu kuliko zote. Kaka zake watatu, Ben, Robert na Henry, walikuwa wauzwe mara baada ya sikukuu. Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Akaandikisha barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu huru anayejua kusoma, ikiwa na jina la mtoto wa kulea wa Jackson aliyehamia kaskazini. Ilisema wazee wasalimiwe, na ndugu wakae macho, jahazi la Sayuni litakapopita wawe tayari kupanda. Wakaguzi wa posta waliifungua wakaona ajabu: kijana huyo hana wazee, hana ndugu. Wakamwita Jackson. Akaisoma mara moja, akaitupa, akasema hiyo siyo ya kwake na haina kichwa wala miguu. Kisha akaenda moja kwa moja kuwapa habari.

Walikutania usiku kwenye ghala la mahindi karibu na nyumba ya wazazi. Jane, mchumba wa Ben, alifika amevaa nguo za kiume zilizofichwa kwa ajili yake. Robert alichelewa, kwani mkewe Mary alishikwa na uchungu usiku uleule na mtoto wa kike akazaliwa. Harriet hakumngoja, muda ulipofika kundi lilianza safari, naye Robert akawafuata mpaka akawapata. Mzee Ben Ross aliwaletea chakula ghalani akiwa amefunga macho kwa kitambaa, ili wasaka watoro wakimuuliza aape kwa haki kwamba hajawaona wanawe. Akawasindikiza kipande cha njia bado amefunga macho, ameshikwa mkono. Mama hakuambiwa lolote, wakihofia atapiga kelele. Alikuwa amewaandalia watoto wake chakula cha sikukuu, akitoka mlangoni mara kwa mara kuangalia barabarani, na wao wakimtazama kupitia nyufa za mbao. Tarehe 29 Desemba walikuwa Philadelphia, mbele ya William Still, mtu mweusi huru aliyekuwa akipokea watoro, wakiandikwa kwenye daftari.

Novemba 1856 mtu mmoja wa kundi lake, Joe Bailey, alitangaziwa dola 1,500, na daraja la kuingilia Wilmington, mji wa njiani kuelekea kaskazini, likawekwa walinzi. Thomas Garrett, mfanyabiashara wa vyuma na mtu wa Quaker, dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, alipeleka magari ya kukokotwa yaliyojaa waashi, yakapita darajani asubuhi wakiimba kama watu waendao kazini. Usiku yakarudi, waashi wakiimba vilevile, watoro wamelala chini yao. Walinzi walikwishayazoea.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu Maryland ilipakana na jimbo huru, na baada ya sheria ya 1850, iliyoruhusu mtoro akamatwe hata ndani ya jimbo huru, njia ikarefushwa hadi St. Catharines, Kanada. Hapo ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu tunapomleta Tubman pwani yetu. Huku hapakuwa na kaskazini. Sheria nayo ilikuwa nyingine: Maryland mtoto alifuata hali ya mama yake, akizaliwa na mjakazi ni mtumwa hata baba awe bwana mwenyewe, hapa mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru, na mama yake kisheria hakuuzwa tena na akawa huru bwana akifa. Kumwacha mtumwa huru lilikuwa tendo la thawabu. Milango hiyo midogo ilimfanya mwanamke wa Mrima apime mara mbili: kukimbia, au kung'ang'ania hadhi ndani ya nyumba ileile. Asitazamwe kama mwoga aliyechagua la pili.

Na waliokimbia walikuwepo. Miaka ya 1870 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakajenga kijiji chao Makorora na kukilinda kwa silaha. Wengine walijitia kwenye misafara au kutafuta bwana mwenye nguvu wa kuwakinga. Mombasa, watoro waliokimbilia misheni ya Rabai na nyingine za jirani walikuwa wengi kiasi kwamba Januari 1889 wenye watumwa walilipwa fidia ya watu zaidi ya 1,400. Enzi ya Wajerumani watu kwa makumi ya maelfu walipata hati za uhuru, wengi kwa kujinunua kwa fedha zao. Huo nao ni mpango: kuhesabu, kuficha, kukopa, kupata shahidi. Wajerumani hawakufuta utumwa; walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922 chini ya Waingereza. Tubman alipofariki Machi 1913, mwanamke wa Bagamoyo angali akimilikiwa kihalali. Mkazi wa leo mwenye bibi aliyezaliwa mwanzoni mwa karne iliyopita hayuko mbali na jambo hili, na ndiyo maana kunyamaza kunauma.

Turudi kwenye yaliyoshindikana, kwa kuwa mashujaa wasioshindwa hawamfai mtu. Mume wake, John Tubman, mtu huru, alikataa kumfuata mwaka 1851. Alikwishaoa mwingine, na suti aliyomnunulia ikavaliwa na mtoro mwingine. Dada yake Rachel hakuokoka. Harriet alijaribu miaka mingi, lakini Rachel alitenganishwa na watoto wake wawili, na hakukubali kuondoka bila wao. Desemba 1860 Harriet alifika akakuta dada yake amekufa. Watoto wangetolewa kwa hongo ya dola 30. Hakuwa nazo. Akaifanyia safari hiyo familia ya Ennals, mume, mke na watoto wao, na wapwa zake wakabaki utumwani. Tunapozungumza juu ya ujasiri tuikumbuke bei hiyo: dola 30. Waliokuwa wakimpigia makofi ukumbini Boston walikuwa nazo.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokuja aliitumia mbinu ileile kwa ukubwa mwingine. South Carolina aliongoza wapelelezi weusi waliojua mto Combahee, wakabaini mahali yalipotegwa mabomu ya majini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863 meli za kivita za Kaskazini zilipanda mto chini ya Kanali James Montgomery, naye Tubman akiwemo. Moja ilikwama mchangani mwanzoni kabisa, mbili zikaendelea. Watu zaidi ya 700 walikimbilia ukingoni na kupakiwa, wengine wakiwa na sufuria ya wali bado inafuka moshi, nguruwe kwenye gunia, watoto mgongoni. Kwa usiku mmoja aliokoa mara kumi ya aliowaokoa kwa miaka kumi, kwa sababu safari hii alikuwa na meli na askari.

Katika muda wote wa vita serikali ilimlipa kama dola 200. Alidai dola 1,800 za kazi ya upelelezi, akaungwa mkono na watu wakubwa, akiwemo William Seward aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Hazikulipwa. Mwaka 1895 alipewa pensheni ya dola nane kwa mwezi kama mjane wa askari, Nelson Davis, aliyefariki 1888. Mwaka 1899 Bunge likaiongeza hadi dola 20, nyongeza ya dola 12 ikihesabiwa kuwa ni ya uuguzi. Mke wa mtu na muuguzi: hayo wabunge waliweza kuyaandika. Upelelezi, uongozi wa askari na mpango wa mto Combahee, kazi alizozifanya kwa akili yake, hazikuingizwa kwenye hesabu.